Kila Mimba ni Hesabu Mpya: Mhadhara wa Urithi kwa Wanafunzi wa Baiolojia, Tororo

Walimu wangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi wa S5 na S6, yaani kidato cha tano na cha sita, mliotoka Busia, Mbale na hapahapa Tororo, hamjambo nyote.

Kuna maneno ambayo wazazi wengi husema baada ya kupata mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wenu mnauita sikoseli: "Tuliambiwa mmoja kati ya wanne. Huyu wa kwanza ndiye mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Wazazi hawa wameambiwa ukweli, ila hakuna aliyekaa nao akawaonyesha namna ya kuusoma. Akija wa pili naye mgonjwa, lawama zinaanza. Mara ukoo wa mama una laana, mara kuna jirani aliyeroga. Leo nataka tushughulike na huo "mmoja kati ya wanne": umetoka wapi, unasema nini, na usichosema ni nini. Atakayeuelewa vizuri atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya somo la urithi.

Zamani hata watu wenye elimu waliamini kwamba sifa za baba na mama huchanganyika ndani ya mtoto kama chai na maziwa. Maziwa yakishamiminwa kwenye chai, hayatoki tena. Gregor Mendel, mtawa wa Brno katika nchi ambayo leo ni Chekia, alipanda njegere katika bustani ya monasteri kati ya 1856 na 1863, na alichokiona kilikuwa tofauti kabisa. Alichavusha njegere za mbegu za mviringo na zile za mbegu zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha mviringo chote. Ungeapa kwamba makunyanzi yamekwisha. Akaiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, kisha akafanya jambo ambalo wenzake hawakuwa na subira nalo: akahesabu. Mbegu za mviringo zilikuwa 5,474, zenye makunyanzi 1,850. Gawanya mwone: karibu tatu kwa moja.

Kuna mambo mawili hapo, na wanafunzi wengi hukariri uwiano wakaacha lililo kubwa zaidi. Makunyanzi yalirudi yakiwa kamili. Hayakurudi nusu wala robo, hayakuwa yamepungua nguvu kwa kukaa kizazi kizima bila kuonekana. Kwa hiyo kinachorithiwa ni vitu vinavyojitegemea, ambavyo hukaa pamoja ndani ya kiumbe bila kuyeyukiana. Leo tunaviita jeni, na sura mbalimbali za jeni moja tunaziita aleli. Aleli inayoonekana hata ikiwa moja tunaiita tawala; ile inayohitaji kuwa mbili ndipo ionekane, tunaiita fiche. Fiche maana yake imefichwa, haijafa. Mendel alichapisha kazi yake 1866, na karibu hakuna aliyeitilia maanani mpaka 1900, wakati yeye mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1884.

Mendel hakujua vitu hivyo vinakaa wapi. Sisi tunajua: kwenye kromosomu. Seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, jozi hutengana kwa mgawanyiko uitwao meiosisi, na kila yai au mbegu hubeba kromosomu moja tu ya kila jozi. Ipi? Ni bahati tupu. Jozi ni lazima iwepo ili itengane vizuri, na ushahidi mnaula nyumbani: matooke, ndizi zetu za kupika, ina seti tatu za kromosomu, jumla 33, na vitu vitatu havigawanyiki kwa wawili. Mgawanyiko unavurugika, ndiyo maana hamkuti mbegu kwenye tunda lake, na mkulima hupanda machipukizi.

Sasa tuje kwenye damu. Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Sehemu yake moja, mnyororo wa beta, hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Mnyororo huo una asidi amino 146, yaani vipande vidogo vinavyoungana kujenga protini. Katika selimundu, ya 6 imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Kwenye DNA, yaani kemikali inayobeba maelekezo ya jeni, ni herufi moja tu, A imekuwa T, na GAG imekuwa GTG. Vernon Ingram ndiye aliyelionyesha badiliko hilo la asidi amino kwenye miaka ya 1956 na 1957. Himoglobini hiyo, tunayoiita S, ikipungukiwa na oksijeni hushikana na nyenzake ikawa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo huivuta chembe hadi ikapinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Hizi huharibika ndani ya wiki chache, na kabla ya kufa huziba mishipa midogo. Ndiyo maumivu ya mifupa mnayoyaona kwa mwanafunzi mwenzenu anayekosa darasa kila baridi inapoingia. Muwe na huruma naye. Hajifanyi.

Mwenye aleli mbili za kawaida tunamwandika AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya S ni AS. Huyo ni mbebaji na kwa kawaida haugui. Mwenye mbili za S ni SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Toeni sarafu za shilingi 500, mbili kwa kila wawili. Upande wa nembo ni A, upande wa ndege ni S. Sarafu moja ni mama, ya pili ni baba, na wote wawili ni AS. Rusheni pamoja, mwandike mtoto aliyepatikana. Rusheni tena. Mkirusha mara nyingi mtaona robo hivi ni AA, nusu ni AS, robo ni SS. Lakini angalieni karatasi zenu, mstari kwa mstari. Kuna waliopata SS mbili zikifuatana. Kuna waliorusha mara kumi bila hata moja. Je, sarafu ilijua kwamba mara iliyopita ilianguka kwa ndege? Haikujua. Vivyo hivyo yai la mimba ya tatu halijui kilichotokea kwenye mimba ya kwanza. Robo ni ya kila mimba, peke yake, tangu mwanzo. Hakuna familia ambayo "imeshamaliza" mgonjwa wake.

Tazameni pia kwamba hakuna SS iliyopatikana kwa sarafu moja. Kila mtoto mwenye SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu katika nchi yetu mzigo huu humwangukia mama. Anaambiwa damu ya kwao ni mbaya, mume anaoa mwingine, na mtoto anabaki kwa bibi. Baiolojia haimpi mtu yeyote ruhusa ya kufanya hivyo. Baba ametoa nusu kamili, naye hakuichagua, kama mama asivyoichagua yake.

Swali linalofuata ni zuri sana, na Uganda ina nafasi ya pekee katika jibu lake. Kama SS iliua watoto wengi kabla hawajafikia umri wa kuzaa, mbona S haikutoweka? Mwaka 1949 watafiti Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha vipimo vya makabila mbalimbali ya Uganda. Miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo, magharibi mwa nchi, wabebaji walikaribia 45 kati ya 100. Kwenye nyanda za juu za Kigezi, kwa Bakiga, walikuwa wachache mno. Wakati huo maelezo yaliyotafutwa yalikuwa ya asili ya makabila na uhamaji wao. Lakini Baamba na Bakiga wote husema lugha za Kibantu, na bado wako mbali hivyo kwa idadi ya wabebaji.

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliangalia mbu badala ya lugha. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya watoto 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya karibu na Kampala. Kati ya 43 waliokuwa na S, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 27.9. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikuwa na vimelea, asilimia 45.7. Tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kwamba AS humkinga mtoto hasa dhidi ya malaria kali. Mahali penye mbu wengi, AA walikufa kwa malaria, SS walikufa kwa selimundu, na AS ndio waliobaki kuzaa. Hapa Tororo, utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Mkijua hilo hamtashangaa S kuwapo. Msichanganye jambo moja tu: kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria yuko hatarini kuliko wote, na chandarua chake ni dawa.

Sasa niwaulize: S ni aleli fiche au tawala? Msikimbilie kujibu. Ukiangalia ugonjwa, ni fiche, kwa kuwa AS haugui. Ukiangalia protini kwenye maabara, mtu wa AS ana himoglobini zote mbili, A na S, kwa hiyo hakuna aliyemtawala mwenzake. Ukiangalia kinga ya malaria, S moja inatosha kuonekana. Aleli ni ileile. Utawala unategemea unatazama nini, na mwanafunzi anayeandika "S ni fiche" bila kusema katika sifa gani ameandika nusu ya jibu.

Tuongeze hesabu kidogo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa kwa matone ya damu ya watoto wachanga mwaka 2014 na 2015, na kuchapishwa 2016, ulikuta asilimia 13.3 ni wabebaji na asilimia 0.7 wana ugonjwa. Tukikadiria kwa haraka: 0.133 mara 0.133 ni karibu 0.018, robo yake ni 0.0044, yaani watoto wanne na kidogo kwa kila 1,000. Lakini walioonekana ni saba. Sababu moja ni kwamba wastani wa nchi hauolewi na wastani wa nchi. Watu huoana karibu na kwao. Chukueni wilaya mbili za kubuni zenye watu sawa, moja ina wabebaji asilimia 20, nyingine asilimia 4. Ya kwanza itapata wagonjwa 10 kwa kila 1,000, ya pili hata nusu mgonjwa haifiki. Kwa pamoja ni kama watano. Ukitumia wastani wa asilimia 12 utapata watatu na nusu. Wastani umewaficha watoto. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu huduma lazima ipelekwe kule S iliko nyingi, mashariki hapa na kaskazini ya kati, badala ya kugawanywa sawasawa kwenye ramani.

Mtaniuliza kuhusu ndoa, maana siku hizi baadhi ya makanisa huwaomba wachumba vyeti vya kipimo. Mimi naunga mkono kupima, tena mapema, kabla moyo haujaenda mbali. Siungi mkono kuwakataza watu wazima wawili kuoana. Wape hesabu, wape ushauri, waamue wenyewe. Na mtoto wa SS si mtu aliyekwisha: penisilini utotoni, chanjo, na dawa ya haidroksiyurea vimebadilisha maisha ya wengi, na majaribio ya hospitali ya Mulago, Kampala, yaliyochapishwa 2017 hayakukuta kwamba haidroksiyurea inawaongezea watoto malaria. Walimu, nawaomba pia msiwatume wanafunzi nyumbani kuuliza majibu ya vipimo vya wazazi kwa ajili ya zoezi. Siri za watu zina madhara zikitoka. Tumieni sarafu.

Nawaachia swali la kufanya sasa hivi. Dada ni mzima kabisa. Mdogo wake ana SS. Wazazi wao ni AS wote wawili. Dada huyo hajapimwa, na mchumba wake ni AS. Nafasi ya mtoto wao wa kwanza kuwa SS ni ipi? Wengi wataandika moja ya nane, kwa kudhani dada ana nusu ya uwezekano wa kuwa AS. Lakini tunajua ni mzima, kwa hiyo SS tunaifuta kwenye orodha. Zimebaki tatu: AA moja na AS mbili. Uwezekano wake ni theluthi mbili. Zidisheni kwa robo, mnapata moja ya sita. Kisha dada anakwenda maabara, damu yake inapitishwa kwenye umeme, himoglobini zinatengana. Ukionekana mstari wa A peke yake, moja ya sita inakuwa sifuri. Ikionekana mistari miwili, A na S, inakuwa robo, kwa mtoto wa kwanza na kwa kila atakayemfuata.