Hendibreki Haishiki? Usianze na Kebo

Dada: Mbukwenyi, wasikilizaji wetu. Leo ni breki za nyuma, na hasa zile shuu za hendibreki zinazojificha ndani ya diski. Kaka, kabla hujataja spana yoyote, waeleze tunazungumzia gari zipi.

Kaka: Harrier, Kluger, Mark X, Crown, Prado na nyingine za namna hiyo. Nyuma zina diski, na katikati ya diski pamevimba kama sufuria iliyofunikwa. Ukikanyaga breki, padi zinabana diski kwa nje. Ndani ya hilo sufuria kuna shuu 2 nyembamba, vyuma vya umbo la upinde, ambazo kazi yake ni hendibreki tu, iwe ya mkono au ya kukanyaga. Vitz na IST nyingi zina dramu, hizo tutazipa kipindi chake. Na ukiona kebo ya hendibreki imeingia kwenye kalipa yenyewe, yaani kile kifaa chenye pistoni kinachobana padi, hapo hakuna shuu. Pistoni inarudishwa kwa kuizungusha, ukiisukuma kwa nguvu unaiharibu. Yenye kitufe cha umeme mara nyingi inahitaji mashine ya kompyuta kwanza.

Dada: Na kosa linaloharibu nyingi ni hili: hendibreki inapanda juu sana, mtu anakimbilia kukaza kebo pale kwenye mkono. Kebo ikikazwa wakati shuu ziko mbali na diski, zinakaa zimefunguka nusu muda wote. Unaendesha kutoka Nzuguni mpaka Dodoma mjini zinasugua, lainingi, ile sehemu ya shuu inayosugua, inaungua, mwishowe inabanduka kwenye chuma chake. Shuu hizi haziliwi na kusimamisha gari. Zinaliwa na kuendesha hendibreki ikiwa imeshika.

Kaka: Kwa hiyo kebo ni ya mwisho kabisa. Tuanze chini. Ardhi ya huku kwetu ni mchanga, jeki inazama. Weka ubao mnene chini yake, na gari ikishainuka ikae kwenye stendi. Tofali la saruji linapasuka ghafla, usiweke mwili wako chini ya gari iliyobebwa na tofali. Zuia matairi ya mbele kwa mawe, kila moja mbele na nyuma yake. Shusha hendibreki, gia iwe nyutro, maana diski itazungushwa. Nati za tairi zilegeze robo duara gari ikiwa bado chini.

Dada: Fanya mguu mmoja, yaani upande wa tairi moja, umalize ndipo uende wa pili. Ule ambao hujaufungua ndio ramani yako. Picha ya simu nayo piga.

Kaka: Kalipa ya Toyota mara nyingi ni spana namba 14 kwenye pini, na kishikio chake namba 17. Kalipa ukishaitoa ifunge kwa waya kwenye springi. Ukiiacha ining'inie kwenye hozi, ule mpira wa mafuta ya breki, hozi inapasuka kwa ndani na wewe huoni kitu kwa nje. Sasa diski: ikigoma, usiipige nyundo kama unavunja mwamba, unaumiza bearingi. Ina matundu 2 yenye njia za bolti. Ingiza bolti za M8, kaza huku kidogo na huku kidogo, itajisukuma yenyewe.

Dada: Ikigoma bado, shuu zimeng'ang'ania ukingo uliojijenga ndani ya sufuria. Kwenye diski kuna kizibo cha mpira. Kitoe, zungusha diski mpaka tundu likutane na adjasta, kile kigurudumu cha meno kinachotanua shuu, kisha kwa bisibisi rudisha yale meno nyuma mpaka shuu zisinyae.

Kaka: Diski ikitoka utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Vumbi la lainingi ni sumu ya mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa kitupe. Na ukikuta shuu zimelowa oili, hasa Prado, sili ya ekseli imekufa. Badili sili kwanza. Lainingi iliyolowa oili hata uioshe kwa petroli haishiki tena.

Dada: Vipimo: lainingi ikibaki milimita 1, badili, na padi ni vivyo hivyo. Unene wa mwisho wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe. Kutoa shuu, toa springi 2 za juu kwa koleo. Kisha kila shuu ina pini inayotokea nyuma ya bati, imeshikwa na kikombe kidogo na springi. Bonyeza kikombe, kizungushe robo duara, kichwa bapa cha pini kipite kwenye tundu lake. Vaa miwani, ile springi inaruka.

Kaka: Angalia mkono unaovutwa na kebo. Kama umefungwa kwenye shuu ya zamani kwa klipu ya umbo la C, uhamishie kwenye mpya. Adjasta ifungue yote, osha nyuzi zake, paka grisi inayostahimili joto. Adjasta ya kushoto na ya kulia usizichanganye.

Dada: Bati la nyuma lina vidoti vilivyoinuka ambapo shuu hukalia. Hapo paka grisi nyembamba, usigeuze chapati. Lainingi isiguswe na mkono wenye mafuta.

Kaka: Padi nazo: pini za kalipa zikijamu, padi ya ndani inaisha ya nje ikiwa bado nzima. Zitoe, zisafishe, paka grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida inavimbisha mpira. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kabla ya kurudisha pistoni, chota ziada kwa bomba la sindano. Yakimwagikia bodi yanakula rangi.

Dada: Sasa kuseti. Rudisha diski, ibane kwa nati 2 za tairi. Kebo iwe imelegea. Kupitia tundu la kizibo, zungusha adjasta mpaka diski isizunguke kabisa. Kisha rudisha meno 8, ndivyo Toyota wanavyoelekeza. Diski izunguke bila kukwaruza. Fanya hivyo pande zote mbili, ndipo uguse kebo. Hesabu ya tiki, ile milio ya meno mkono ukivutwa, iko kwenye kitabu cha gari; mkono ukipanda tiki 12, hujamaliza kuseti.

Kaka: Kabla hujasogeza gari hata hatua moja, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Pistoni ulizirudisha nyuma, kwa hiyo mara ya kwanza pedali itazama hadi chini. Nati za tairi kwa Toyota nyingi ndogo ni nyutoni mita 103, kaza kwa mpangilio wa msalaba, nati moja kisha ya upande wa pili.

Dada: Shuu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Alfajiri, barabara tambarare isiyo na watu, nenda kilomita 50 kwa saa, bonyeza kitufe cha mkono usiachie, vuta kwa wastani kama unanyanyua kilo 9, mita 400. Acha zipoe, rudia mara 2 au 3.

Kaka: Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya nyuma, usiiguse. Mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, fungua kizibo cha upande huo, urudishe meno 2, uende tena kilomita 10 upime upya. Gari za kushuka mlima wa Sekenke na familia ndani, zipimwe hivyo kabla ya safari.