Krosova ya Spika za Kujiundia: Mhadhara kwa Mafundi wa Lamu

Assalamu alaikum, wazee wangu na vijana wangu. Ahsanteni kwa kuacha baraza zenu jioni hii. Sitazungumzia sanduku. Maseremala wa Lamu hawangoji mimi niwafundishe kuunga mbao. Nataka tukizungumzie kile kibao kidogo cha krosova tunachonunua dukani, kimeandikwa “omu 4 hadi 8” (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), tukakifunga kwenye spika yoyote ile halafu tukashangaa mbona sauti inakwaruza. Krosova huundiwa spika yake. Spika mbili zinaweza kuandikwa omu 8 na tabia zao zikawa mbali kabisa.

Kazi yenyewe ni kugawa sauti. Mdundo wa ngoma uende kwa wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito. Ukali wa sini na shini za msomaji wa maulidi uende kwa twita, ile spika ndogo ya sauti kali. Kapasita ikifuatana na twita kwenye njia moja huzuia masafa ya chini (masafa ni idadi ya mitikisiko ya sauti kwa sekunde, tunayapima kwa hezi). Koili ikifuatana na wufa huzuia ya juu. Twita isipozuiliwa huungua, na mara nyingi huungua katikati ya harusi, mbele za watu.

Tugawie wapi? Tazameni karatasi ya twita, mtafute masafa ambayo twita hutikisika yenyewe. Tuseme ni hezi 1,000. Kwa krosova nyepesi ya kifaa kimoja kila upande, mimi huenda mara tatu yake: hezi 3,000. Sasa hesabu. Zidisha 6.28 kwa 3,000, kisha kwa omu 8, halafu gawanya 1 kwa jibu lako: faradi 0.0000066, yaani mikrofaradi 6.6. Hiyo ni kapasita. Koili ni omu 8 kugawanya kwa 6.28 mara 3,000: henri 0.00042, yaani milihenri 0.42. Basi.

Kapasita msiende kuitafuta mbali. Kapasita ya feni ya dari haina chanya wala hasi, na inastahimili volti nyingi kuliko tunazohitaji. Chukueni mbili za mikrofaradi 2.5 na moja ya 1.5, ziungeni sambamba, mnapata 6.5. Lakini ziwe mpya! Ile iliyotolewa kwenye feni inayojivuta huenda imeshapoteza nusu ya uwezo wake.

Koili tunasuka wenyewe. Nendeni kwa wanaosuka mota, muombe mita 14 za waya wa shaba wenye vanishi, unene milimita 1. Kateni kipande cha paipu ya plastiki yenye kipenyo cha nje milimita 32, mkitie mashavu mawili ya mbao nyembamba, nafasi baina yake milimita 20. Zungusheni mara 115 hivi, tabaka juu ya tabaka, waya ukae umekazwa bila kupandana ovyo. Mtapata karibu milihenri 0.42, na ukinzani wa waya wenyewe kama omu 0.3. Msitie chuma ndani.

Hapo ndipo wengi humaliza, na hapo ndipo shida inapoanza. Hesabu yetu imedhani wufa ni omu 8 daima. Haiwi. Ipimeni kwa mita ya umeme, mtasoma omu 6 hivi, kisha ndani yake mna koili ya sauti ambayo nayo ni koili kama hii tuliyosuka. Tuseme ina milihenri 0.7. Kadiri masafa yanavyopanda, ukinzani wake nao unapanda, zinapanda pamoja na koili yetu, kwa hivyo mgao baina yao haubadiliki sana. Ukipiga hesabu utakuta wufa inapungukiwa na desibeli 4 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata ukifika hezi 10,000. Umenunua shaba ya bure! Wufa bado inapiga kelele mahali pa twita, na ule mkwaruzo hauishi.

Dawa ni rezista, kile kifaa cha kukinza umeme, na kapasita zikifuatana, zikaungwa sambamba na wufa, baada ya koili. Rezista ichukueni mara 1.25 ya kile mlichosoma kwenye mita: 7.5 kwa mfano wetu, ya wati 10. Kapasita ni henri za wufa kugawanya kwa rezista mara rezista, ambayo inatoka mikrofaradi 12. Kapasita tatu za feni za mikrofaradi 4, zikiungwa sambamba, zinatosha. Sasa koili yetu inaona mzigo uliotulia, na ile hesabu ya mwanzo inakaribia kuwa kweli. Kama pesa ni za kifaa kimoja cha ziada, nunueni hiki kabla ya kapasita za bei.

Twita ikiwa na sauti kubwa kuliko wufa kwa desibeli 4, tieni rezista ya omu 3 baada ya kapasita, na ya omu 15 sambamba na twita. Yatosha.

Kuna kijana pale ameuliza kama kapasita za kawaida za redio, zile zenye alama ya hasi, zinafaa. Moja peke yake, la, mwanangu. Mbili zikigusana hasi kwa hasi zinafaa kwa dharura, lakini uwezo unakuwa nusu: mbili za 10 zinakupa 5. Na viungo vyote, mkishalehemu, vipakeni vanishi. Kwa hewa hii ya chumvi, shaba tupu inageuka kijani mapema sana.

Waya uko mezani. Wawili waje wazungushe, mmoja ahesabu kwa sauti.