Tusianze na filta: pop art na kuhariri picha darasani

Walimu wenzangu, asanteni kwa kuja, na mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo maana mwanga wa projekta leo ni hafifu. Nimeombwa niongee kuhusu kufundisha kuhariri picha kwenye kompyuta pamoja na pop art (sanaa inayotumia picha za matangazo, bidhaa na watu maarufu) kwa wanafunzi wa sekondari, na nnachotaka kusema ni kimoja tu, tusianze na filta. Siku hizi karibu kila simu unabonyeza mara moja tu uso wako unatoka mara nne, pinki, njano, bluu, kijani, mtoto anaweka status, sisi tunampa maksi, imeisha hiyo. Ila mtoto huyohuyo muulize kwa nini nywele zimekuwa doa moja jeusi na pua imebaki vitundu viwili, hana jibu, kwa sababu maamuzi yote kafanya simu.

Sasa tumwangalie Andy Warhol, msanii wa pop art wa Marekani, alivyokuwa akiamua. Huyu bwana miaka ya 1950 alikuwa New York anachora matangazo, viatu hasa, kwa hiyo picha za kuuzia bidhaa alizijua ndani nje. 1962 akaonyesha kule Los Angeles, kwenye Ferus Gallery, picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, kila ladha na kopo lake. Hizo bado alizichora kwa mkono. Agosti mwaka huohuo mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe akafariki, Warhol akachukua picha yake moja iliyopigwa kutangaza filamu ya Niagara ya 1953, akaanza kuichapa kwa skrini, sio ya simu, ni fremu ya kitambaa ya kupitishia wino. Kazi inayoitwa Marilyn Diptych ina uso uleule mara 50, 25 upande wa kushoto zina rangi kali, 25 upande wa kulia nyeusi na nyeupe, kuna sehemu wino umejaa hadi uso umezama na sehemu umefifia karibu kupotea. Mkiwaonyesha watoto hiyo msikimbilie kueleza, waacheni wakae nayo, wahesabu, wenyewe watauliza mbona huku anafutika, na hapo ndo somo la kuithamini kazi linapoanzia, sio kwenye kukariri mwaka aliozaliwa.

Halafu wapelekeni kwa jamaa wanaoprinti tisheti, kila mji wapo. Nasema kweli kabisa, ile kazi ya mtaani ndiyo teknolojia aliyoitumia Warhol. Kuna fremu ina kitambaa chembamba kimevutwa, kimepakwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga, juu yake unaweka picha yako iliyogeuzwa nyeusi tupu kwenye plastiki inayopitisha mwanga, unawasha taa, palipokuwa na weusi dawa haigandi na ukimwagia maji inatoka, basi wino ukisukumwa na mpira unapita hapo tu. Maana yake skrini haijui kijivu, ni wino upo au haupo, na kila rangi inataka skrini yake. Warhol mara nyingi alipaka kwanza rangi kwenye turubai, nyekundu ya mdomo, bluu ya juu ya macho, njano ya nywele, ndo akaja kuchapa nyeusi juu, na zisipokaa sawasawa anaacha hivyohivyo, ndo maana mdomo wa Marilyn kuna mahali umetoka nje ya mstari. Hata khanga zetu mkizichunguza mtaona rangi imeruka mstari kidogo, ni sababu ileile.

Mtoto akishaona hayo, kompyuta inakuwa rahisi mno. Tumieni GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure na ukishaiinstoo haihitaji bando. Fungua picha ya uso iliyopigwa mwanga ukitokea upande mmoja (mwanga wa dirishani unatosha, flashi inaua vivuli vyote), tengeneza kopi ya leya (yaani tabaka la picha), nenda kwenye treshodi (Threshold). Hapo kuna namba kuanzia 0 hadi 255, na unachagua mpaka, chochote chenye mwanga kuzidi mpaka kinakuwa cheupe na kilichobaki cheusi. Hapa ndipo nawaomba mpoteze muda, kipindi kizima ikibidi. Mpaka ukishuka sana uso unapotea yanabaki macho na matundu ya pua, ukipanda sana shavu lote linakuwa giza, na kwa ngozi zetu nyeusi namba inayokuja yenyewe pale katikati mara nyingi inameza uso mzima, inabidi ushushe pole pole mpaka mstari wa taya urudi. Mtoto aliyehangaika na ile namba kajifunza kutazama mwanga, na hilo hakuna filta itakayompa.

Baada ya hapo leya nyeusi iwekwe modi ya maltiplai (Multiply), nyeupe yote inapotea kwa macho, na chini yake afungue leya nyingine apake rangi bapa, moja ya ngozi, moja ya nguo, moja ya nyuma. Aisogeze ile nyeusi kidogo pembeni aone picha inavyochangamka. Anayetaka vidoti kama vya Roy Lichtenstein, msanii mwingine wa pop art, ile filta ya Nyuzprinti (Newsprint) ipo humohumo, lakini kwanza mpeni kipande cha gazeti na lenzi ya kukuzia, aone picha ya gazetini ni vidoti vitupu.

Kuhusu nini cha kupiga, msiwape Marilyn. Warhol alichukua vilivyokuwa jikoni na kwenye magazeti ya kwao, basi na wetu wachukue kopo la Africafé, mche wa sabuni, uso wa bibi mwenyewe akikubali. Nyuso za wanamuziki na wachezaji zilizochorwa kwenye matatu za Nairobi nazo ni za kujadili darasani, wanafunzi wana mengi ya kusema.

Na wapige wenyewe, nasisitiza. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981, Warhol akaitumia kutengeneza kazi 16, na baada ya Prince kufariki 2016 jarida likailipa taasisi ya Warhol dola 10,250 kwa moja ya hizo, mpiga picha hakupata hata senti. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, 2023 majaji 7 kwa 2 wakampa Goldsmith ushindi. Mtoto wa form two anaielewa kesi hiyo vizuri tu ukimwambia picha ni yako halafu mwenzako kaiuza.

Kwa wale wanaodhani kompyuta sio sanaa, Julai 1985 Warhol, ana miaka 56, alipanda jukwaani New York kwenye uzinduzi wa kompyuta ya Amiga, wakampiga picha mwimbaji Debbie Harry kwa kamera iliyounganishwa, naye akaanza kumwagia rangi kwa kifaa cha ndoo mbele ya watu. Kifaa cha namna hiyo hadi leo kipo kwenye GIMP, alama yake ni ndoo.

Haya, kompyuta zimewashwa, kaeni wawili wawili, picha ziko kwenye folda iliyopo desktop. Anzeni na treshodi, na mtu asiguse rangi mpaka mwenzake amwambie anauona uso.