Hii harufu ya boga wanayouza huku, boga halimo

Mambo vipi familia, wakubwa wote shikamooni, leo nawaongelesha kutoka Peoria, Illinois, na hili ndo jimbo linaloongoza kwa kilimo cha maboga Marekani, yani ikiingia mwezi wa tisa tu kila duka linanukia boga, mishumaa, losheni, pafyumu, mpaka sabuni ya vyombo.

Sasa oneni, nalipasua hili hapa. Nikinusa hizi nyuzi za ndani na mbegu zake napata kaharufu ka majimaji, ka kitu kibichi, karibu na tango au tikiti, basi. Hakuna anayekamua manukato kwenye boga jamani! Watengeneza pafyumu wanaijenga hiyo harufu kwa vitu vingine, wanatia vanilini, ile kemikali inayonukia vanila, wanatia etili maltoli inayonukia sukari iliyoungua, ile ile iliyoipa umaarufu pafyumu ya Angel ya Mugler mwaka 1992, halafu mdalasini, kungumanga, tangawizi na karafuu. Hivyo ni viungo vya pai ya boga, na Mmarekani kala hiyo pai kila Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, tangu mdogo, kwa hiyo akivinusa tu kichwa chake kinamwambia boga.

Na hapo kwenye karafuu nawaongelesha nyie wa Pemba. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eugenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, na kuna kipindi hata vanilini ya viwandani ilitengenezwa kutoka kwenye hiyo hiyo eugenoli. Si mnakijua kile kiwanda cha makonyo, yani vijiti vya karafuu, pale Wawi, Chake Chake? Yale makonyo tunayoyachambua na kuyatenga pembeni ndo yanatoa mafuta ya kuingia kwenye vitu kama hivi. Mtoto aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu hii harufu anaijua kabla hajaona boga la Illinois, na mimi hilo linanipa fahari kwelikweli.

Ila dada zangu mnaochanganya pafyumu nyumbani, mafuta ya karafuu msipake hivi hivi bila kuyazimua kwenye ngozi, yanachoma na wengine yanawaletea aleji, Ulaya eugenoli ikizidi kiwango lazima iandikwe kwenye lebo. Mkitaka nyumba inukie hivi, wekeni sufuria ya maji kwenye moto mdogo, tieni mdalasini, karafuu chache, kungumanga ya kukwaruza na vanila kidogo. Boga lenyewe lipikieni nazi.