Mtungi Ukizama, Karatasi Ikielea

Hamjambo, watu wa Kisumu. Mezani nina vipande viwili: kimoja nimekikata kwenye mtungi wa njano wa mafuta ya kupikia, kingine ni karatasi ya kufunikia kitalu cha miche. Vyote ni polithini, na kwenye maji vyote vinaelea. Sasa nachanganya spiriti na maji nusu kwa nusu (wewe unayecheka huko nyuma, hii si chang'aa), mchanganyiko wenye uzito wa gramu 930 hivi kwa lita. Natumbukiza tena. Mtungi umekataa kuzama? Ni kiputo cha hewa. Nakipangusa kwa kidole... haya, umezama. Karatasi bado inaelea.

Karatasi imezaliwa kwa shinikizo kubwa, njia iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933. Minyororo ya molekuli zake ina matawi kama kuni za miiba. Hata uzipange vipi, nafasi hubaki. Mtungi umezaliwa kwa kichocheo cha metali, kitu kinachoharakisha kuungana kwa molekuli: cha kromiamu, cha Hogan na Banks wa Marekani, 1951, au cha titaniamu, cha Karl Ziegler wa Ujerumani, 1953. Minyororo imenyooka, inalala kama miwa kwenye trela.

Ni kichocheo kipi kati ya hivyo viwili kilichouzaa mtungi huu? Wengi hukimbilia kutafuta mabaki ya titaniamu kwa eksirei. Mimi siridhiki, kwa sababu rangi nyeupe inayotiwa kwenye plastiki nayo ni oksidi ya titaniamu. Afadhali mwanga wa infraredi: mnyororo wa kromiamu kwa kawaida humalizikia kwa kifungo maradufu cha kaboni, na alama yake husomeka karibu na mawimbi 909 kwa sentimita.

Kujua malighafi ndiyo kazi. Polithini huungwa kutokana na gesi ya ethini. Ukipasua gesi ya ethani kwa joto unapata ethini asilimia 80 hivi. Nafta, mafuta mepesi yatokanayo na mafuta ghafi, hutoa kama 30, na gesi nyingine, propini na butadieni, juu yake. Lakini ethini ikishasafishwa, huwezi kuiuliza ilikotoka.

Isipokuwa ya muwa. Tangu 2010 kampuni ya Braskem ya Brazil hutengeneza polithini kwa ethanoli ya miwa, ndugu ya ile inayotokana na molasi hapo Muhoroni. Muwa wa juzi una kaboni-14, kaboni yenye mionzi. Mafuta ya ardhini hayana: nusu ya kaboni hiyo hupotea kila miaka 5,730, na mafuta yamezikwa mamilioni ya miaka.

Ndiyo, mama, uliza. Kama mtungi wa muwa utaoza shambani? Hapana, mama. Utakaa palepale kama huu wa njano; molekuli ni ileile.