Kinyago Kinachotoweka Mbele ya Hadhira

Ndugu watazamaji wangu mlioko nyumbani, leo ninataka kuwaeleza kinachonishughulisha jioni baada ya kazi huku Uingereza. Nimejiunga na kikundi cha maigizo cha ridhaa ambacho kinaandaa And Then There Were None, tamthilia ya Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, iliyopanda jukwaani mwaka 1943, naye akiwa ameitoa katika riwaya yake ya mwaka 1939. Hatulipwi chochote, ila wenye hakimiliki hulipwa ada ya maonyesho, na ndivyo inavyostahili.

Watu kumi wanajikuta katika nyumba moja kisiwani, mwenyeji wao haonekani, na sauti iliyorekodiwa kwenye santuri inamtuhumu kila mmoja kwa mauaji. Kisha wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Wengi hudhani kwamba mzigo mkubwa ni wa anayeigiza muuaji. Mimi ninaamini uko kwa wale wengine, kwa sababu santuri inapotaja majina, yule ambaye hajatajwa bado hana neno la kusema, lakini uso wake lazima uoneshe mtu anayejua kwamba zamu yake inakuja.

Juu ya meko ya kuotea moto vimepangwa vinyago kumi, yaani sanamu ndogo, na kila anapokufa mtu, kimoja hutoweka. Vingine tunaviondoa huku hadhira ikitazama: mwigizaji husimama kuipa meko mgongo, mwenzake aliye upande wa pili wa jukwaa hupandisha sauti ili macho yote yamwelekee, na mkono hukitelezesha kinyago mfukoni. Mazoezini vilikuwa vikigonga ubao na kutufichua, hata mshughulikia vifaa alipovigundishia vitambaa chini. Zoezi hilo dogo tunalirudia kuliko mazungumzo yoyote, na kwangu ndilo linalofurahisha zaidi.

Tulibishana pia kuhusu mwisho, kwa kuwa Christie mwenyewe aliubadilisha alipoiandikia jukwaa. Wapo waliopenda ule wa riwaya, ambao ni mkali zaidi. Mimi nilisimama na ule wa jukwaani, kwani riwaya hufumbua siri kwa waraka unaosomwa wote wakiwa wamekwisha kufa, ilhali jukwaa linahitaji mtu hai wa kusema na mwingine wa kumsikiliza kwa hofu.

Jina la muuaji sitalitaja, nanyi mnaolijua ninawaomba msiliandike chini ya video hii, ili wenzenu wapate kulitafuta wenyewe.