Jina Lisilokuwemo Kwenye Karatasi ya Kura

Habari za jioni, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuja siku ya kazi. Nawaona mliosimama nyuma kule. Sogeeni, hapa mbele viti vipo.

Nianze na karatasi yenyewe ya kura. Mmarekani akienda kupiga kura katika uchaguzi wa katikati ya muhula hupewa karatasi ndefu: mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, seneta kama zamu ya jimbo lake imefika, mara nyingi gavana, na pengine majaji na bodi ya shule. Jina la rais halimo. Rais bado ana miaka 2 ofisini na kura hiyo haimtoi. Lakini ndiye anayezungumzwa kwenye foleni, ndiye anayetajwa kwenye matangazo ya televisheni, na kesho yake magazeti yanaandika kwamba ameshinda au ameangushwa.

Hapa Tanzania, na kwa jirani zetu Kenya, rais na wabunge tunawachagua siku moja. Furaha na hasira zinamalizikia hapo hapo, kisha tunakaa miaka 5. Wao huchagua wajumbe wote 435 kila baada ya miaka 2, pamoja na kama theluthi ya maseneta 100. Kwa hiyo katikati ya safari abiria wanapata nafasi ya kusema dereva anaendeshaje. Kumshusha hawawezi. Wanaweza kumshusha konda tu.

Je, hiyo ni kura ya maoni juu ya chama tawala? Mimi nasema ndiyo, na rekodi inatisha. Tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, chama cha rais kimeongeza viti katika Baraza la Wawakilishi mara 2 tu, mwaka 1998 na mwaka 2002. Mwaka 1994 chama cha Clinton kilipoteza viti 54, kikanyang'anywa baraza kililokuwa kimelishika kwa miaka 40. Mwaka 2010 chama cha Obama kilipoteza 63. Mwaka 2018, uchumi ukiwa mzuri na ajira zipo, chama cha Trump kikapoteza 40. Hata ile miaka 2 iliyokwenda kinyume ilikuwa na jambo la taifa zima: 1998 Warepublican, wapinzani wa Wademokrat wa Clinton, walikuwa wanataka kumng'oa na wananchi wengi wamechoshwa na habari hiyo, 2002 nchi ilikuwa bado na jeraha la mashambulizi ya Septemba 11, 2001.

Siri mojawapo ni nani anatoka nyumbani. Uchaguzi wa rais wa 2008 uliwatoa zaidi ya asilimia 60 ya wenye haki ya kupiga kura. Mwaka 2010 walikuja kama asilimia 41. Aliyeridhika ana shughuli zake. Mwenye kinyongo huamka alfajiri.

Sasa hapa naomba tutulie kidogo. Kura ya maoni ya kawaida ina swali lililoandikwa: ndiyo au hapana. Hii haina. Kwa hiyo vita halisi ni ya kuandika swali, na anayefanikiwa kuliandika amekwisha kushinda nusu ya uchaguzi. Tazameni Juni 2022. Mwezi huo mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1, kiwango ambacho Wamarekani hawakuwa wamekiona kwa miaka 40. Warepublican walitaka swali liwe moja tu: maisha yamepanda au hayakupanda? Lakini tarehe 24 ya mwezi huo huo Mahakama ya Juu ikafuta hukumu ya Roe v. Wade ya 1973, ulinzi wa haki ya kutoa mimba kwa nchi nzima ukaondoka, na mezani pakawa na maswali mawili. Agosti, jimbo la Kansas, ambalo ni ngome ya Republican, likapiga kura ya maoni hasa, ile yenye swali lililoandikwa, juu ya kuiondoa haki hiyo kwenye katiba ya jimbo. Karibu asilimia 59 walikataa. Novemba ilipofika, Warepublican waliokuwa wakitabiriwa ushindi wa kishindo waliongeza viti 9 tu. Walilipata Baraza la Wawakilishi kwa 222 dhidi ya 213, na Seneti Wademokrat wakaongeza kiti kimoja. Biden hakuwa kipenzi cha watu mwaka ule. Chama chake kiliokolewa na swali la pili.

Jimbo la Georgia nalo lilinifurahisha. Siku ile ile, karatasi ile ile, Gavana Brian Kemp wa Republican alipata kura kama 200,000 kumzidi Herschel Walker, mgombea useneta wa chama hicho hicho. Maelfu kwa maelfu walimpa Kemp wakamnyima Walker. Wale wa kampeni za "mafiga matatu", rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, wasingewapenda watu hao. Mimi nawapenda, na nasikitika kwamba wanapungua. Mwaka 2016 kila jimbo lililochagua seneta lilimpa kiti mtu wa chama kile kile lilichokipa kura ya urais. Halikuwahi kutokea hilo tangu maseneta waanze kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi.

Hasara ya kupungua kwao niioneshe kwa mtu mmoja. Gene Taylor alikuwa Mdemokrat wa pwani ya Mississippi, mjumbe tangu 1989. Kimbunga Katrina kilipopiga Agosti 2005, nyumba yake ya Bay St. Louis ilisombwa kama za majirani zake. Maji yalipopungua ikaja dhiki ya pili: bima. Mwenye nyumba anasema upepo ndio ulioniezulia paa. Kampuni inamjibu: iliyobomoa ni mafuriko, na mafuriko hayamo kwenye bima yako. Kiwanjani umebaki msingi mtupu. Nani atathibitisha kipi kilitangulia? Taylor aliibeba hoja hiyo hadi Washington, akitaka bima ya mafuriko ya serikali ikinge na upepo pia. Mwaka 2007 Baraza la Wawakilishi likaipitisha, ingawa haikufikia kuwa sheria.

Mwaka 2008 watu wake walimrudisha kwa karibu robo tatu ya kura, huku urais wakimpa John McCain wa Republican, mpinzani wa Obama. Taylor mwenyewe alisema alimpigia McCain. Sheria ya afya ya Obama aliipinga. Lakini mwaka 2010 swali lilikuwa limeshaandikwa mbali na Bay St. Louis: Je, unataka chama cha Obama na cha Spika Nancy Pelosi kiendelee kulishika baraza? Hapo upepo na maji havikuwa na nafasi. Steven Palazzo wa Republican akamwangusha.

Jambo hili linaniuma. Watu walikuwa na hasira na dereva, nami siwalaumu kwa hasira yao. Ila waliyemshusha ni konda aliyekuwa akijua kila mmoja wao anashukia wapi.

Mwaka 2014 Taylor alijaribu tena, safari hii amehamia Republican, akamkabili Palazzo kwenye mchujo wa chama. Akashindwa tena.

Karibuni maswali. Naona mama yule wa kilemba cha kijani ameshanyoosha mkono.